Magofu ya kubuni yasiitwe picha za Roma

Mhariri,

Michoro ya magofu iliyochorwa na Waholanzi wa karne ya 17 mara nyingi huchapishwa ikiwa na maneno mawili tu chini yake: "Roma ya kale". Mingi si Roma. Ni magofu ya kubuni, yaliyoungwa mezani kwa vipande vya kweli, na ufundi wenyewe umo katika kuunga huko.

Msanii Mholanzi Bartholomeus Breenbergh alikaa Roma karibu miaka 10, akachora nguzo na matao papo hapo, kisha akarudi Uholanzi na kufanya kazi Amsterdam. Kwa msanii wa namna hiyo, tao la karatasi moja huhamia kwenye kilima cha karatasi nyingine. Kazi huanza na chaki nyeusi, kwa mkono mwepesi. Hufuata kalamu ya unyoya na wino, halafu brashi yenye wino uliozimuliwa kwa maji, tabaka jepesi kwanza, zito baadaye. Ukuta unaopigwa na jua haupakwi kitu: mwanga wote ule ni karatasi tupu, na mimi huko ndiko ninakouona umahiri. Brashi ikipita kabla mistari haijakauka, wino hutambaa na kingo za mawe hupotea.

Vivuli ndivyo vinavyoumbua. Kipande cha asubuhi kikiwekwa karibu na cha alasiri bila kurekebishwa, nguzo mbili jirani hutupa vivuli pande mbili. Tazama pia udongo. Tao la Septimius Severus, lililoko Roma, lilikuwa limefukiwa sehemu yake ya chini mpaka lilipochimbuliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mchoro wa 1640 unaolionyesha wazi hadi msingini umekamilishwa kwa kuwaza. Na hekalu la duara la Tivoli, mji ulio karibu na Roma, liko ukingoni mwa korongo. Ukilikuta bandarini, kando ya meli, umeshajua.

Rangi ya kahawia nayo isitafsiriwe haraka kuwa ni chaguo la msanii. Wino wa chuma na vinundu vya mwaloni (vivimbe vinavyoota kwenye mti huo) huwa mweusi muda mfupi baada ya kuandikiwa, hugeuka kahawia kwa umri, na palipo mzito hula karatasi hadi ikatoboka.

Kwa hiyo, Mhariri, mafundi wako wa kurasa wasiongeze tofauti ya weusi na weupe katika picha hizi, maana vilima vya mbali, vilivyopakwa kwa wino hafifu kabisa, ndivyo hufutika kwanza. Chini yake waandike jina la msanii, mwaka kama unajulikana, vifaa, vipimo vya karatasi, na maneno "magofu ya kubuni".

Msomaji wako