Mwajuma, tatizo ni asidi

Shoga yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa mama. Kimya chako cha tangu Ramadhani nitakudai siku nyingine; leo tuzungumze hiyo picha uliyonitumia, ya karatasi ya kutenganishia rangi za ua, yenye madoa.

Umeloweka petali za Clitoria ternatea, lile ua letu la bluu, kwenye methanoli yenye HCl (asidi ya hidrokloriki) kali, ukaziacha mezani siku mbili. Shida ndiyo hiyo. Ternatini, zile antosianini (molekuli za rangi) za ua hili, zimebeba malonili, kipande kidogo cha asidi kilichoshikizwa kwenye sukari, nacho hung'oka kirahisi ndani ya HCl. Ua lenyewe lina aina nyingi za ternatini tayari, wewe unaliongezea nyingine!

Anza upya. Chuma maua asubuhi, toa sepali zote za kijani, kausha upesi kwenye nyuzi 40. Yakinyauka polepole vimeng'enya huigeuza rangi kuwa kahawia. Gramu 5 kavu kwa mililita 100 za methanoli yenye asilimia 5 ya asidi ya fomiki, usiku mmoja kwenye friji, chupa ikiwa imefungwa foili. Chuja, kisha punguza kwa ombwe bila kuzidi nyuzi 35. Ikigeuka zambarau nyekundu usishtuke.

HCl ina zamu yake, ila baadaye. Chukua kidogo, changanya nusu kwa nusu na HCl ya molari 4, tia neli kwenye maji yanayochemka dakika 40. Hapo tunataka kila kitu king'oke, sukari na vyote, ibaki delfinidini tupu, yaani kiini cha rangi chenyewe. Ivute kwa alkoholi ya amili, weka doa kwenye karatasi, pandisha kwa asidi ya asetiki, HCl na maji, 30:3:10. Delfinidini husimama karibu na Rf 0.32 (yaani doa limepanda sehemu 0.32 ya safari ya kimiminika), na ndugu yake sianidini 0.49. Huna cha kulinganishia? Chemsha rozela vivyo hivyo, inazo zote mbili.

Halafu aluminiamu kloraidi, jaribio tamu kuliko yote. Ukiitia, ternatini nzima haisogezi kilele chake cha kufyonza mwanga, kwa kuwa nafasi za 3' na 5' kwenye molekuli, ambako aluminiamu ingeshika, zimezibwa na sukari. Delfinidini tupu inakisogeza kuelekea mawimbi marefu, rangi ikawa bluu zaidi. Ila (narudi palepale) kwenye asidi kali hakisogei chochote, kwa hiyo ikaushe kwanza, uiyeyushe kwenye methanoli yenye HCl ya asilimia 0.01 tu. Kilele cha karibu na nanomita 310 usikipuuze: ni asidi ya kumariki iliyoshikana na zile sukari. Hiyo ndiyo huilalia delfinidini na kuikinga na maji, bluu ikadumu hata pH ikiwa 7.

Sele aache ubishi wake kwamba bluu hii inatokana na chuma. Bluu inayotegemea metali ni kama ya ua la Commelina, tena hiyo ni magnesi. Akikazana, mpe EDTA, kemikali inayonyakua metali, atie kwenye maji ya ua, lakini arekebishe pH iwe 7 kwanza. EDTA ya dukani ina asidi, itageuza rangi yenyewe naye atashangilia bure.

Mbegu za ua jeupe bado unazo? Na lile la zambarau hafifu? Lile 3' na 5' ziko wazi, nalitaka kwa kulinganisha. Unaweza kunitumia zote kwa bahasha moja? Na hiyo kuveti yenu, kichupa cha kupimia mwanga, ni ya kwazi au plastiki? Isije plastiki ikawa imezuia mwanga huo, ndiyo sababu 310 hujaiona. Mama magoti vipi?

Wako,
Zuhura