Mdogo wangu, kura ilikuwa imeshaanza

Mdogo wangu,

Harusini kwa shangazi umenipa mkono vidole viwili ukapita, na mama kaona. Meseji zangu unasoma hujibu, basi naandika hapa, hata wakisoma na wengine poa tu.

Najua ni ile siku ya MUN, ile ya wanafunzi kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, mimi mwenyekiti wa Baraza la Usalama, wewe mjumbe. Azimio lako lilikuwa zuri, sijawahi kusema vingine, zile ibara za kupitisha misaada uliziandika sebuleni kwetu mpaka usiku wa manane mi ndo nakuchemshia chai. Ila mjadala ulifungwa, nikatangaza tunapiga kura, milango ikafungwa. Ulishapata kura kumi, mjumbe wa Urusi akanyanyua kibao kupinga, ukasimama: "Dada, dada subiri, huyu kwenye kokasi aliniahidi!" yaani kwenye yale mazungumzo ya pembeni kabla ya kura. Watu wakacheka. Nikagonga nyundo, nikasema mjumbe aketi.

Ulitaka nifanyeje? Kura ikishaanza hakuna hotuba, hakuna kurekebisha azimio, hata vikaratasi havipiti, kinachosikilizwa ni hoja ya utaratibu kuhusu kura yenyewe basi. Baraza la Usalama lina watu 15, kura 9 zinatosha, lakini mwanachama wa kudumu mmoja, kama Urusi, akipinga azimio limekufa hata wengine wote 14 wawe wako. Ungemng'ang'ania kabla, ukamlegezea ibara moja tu akubali kutopiga upande wowote, lingepita! Hilo nilikufundisha mimi, pale pale sebuleni.

Na wewe ndo ulikuwa huchoki kumsimulia Salim Ahmed Salim, balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa, na Oktoba 1971, China ilivyorudishiwa kiti chake kwa kura ya Baraza Kuu, lile la nchi zote. Sasa si unakumbuka ilivyokwenda? Marekani walitaka kwanza ihesabiwe ni suala muhimu ili itakiwe theluthi mbili, wakashindwa kwa 55 dhidi ya 59, ndo baadaye azimio likapita 76 kwa 35. Ile kura ya utaratibu ndo iliwafungulia mlango kina Salim, hawakuingia kwa kupayuka.

Uliniuma sana ulivyobwaga kibao chini ukatoka bila kuomba ruhusa, kibao chenye jina la nchi ya watu, mbele ya wadogo zako wa kidato cha pili waliokuja kukuangalia wewe. Hilo halijanitoka. Tangu asubuhi watu walikuwa wananong'ona mwenyekiti atambeba ndugu yake, ningekuacha uongee hata nusu dakika ingekuwa kweli, na azimio lako lingeitwa la kupewa. Nilikulinda, we unaona nilikuonea.

Koti la baba bado liko kwangu, nimelipeleka kwa dobi, njoo ulichukue kabla hujasafiri. Na uje na kile kitabu cha kanuni, tukifungue pamoja unionyeshe niliyoivunja ni ipi.

Dada yako