Kipimo cha matiti kwa umeme mdogo: kinaona nini, na ngozi iwe vipi siku ya kupimwa

Tuanze na wale ambao hatutaki waje kwetu. Ukiwa umeshika uvimbe titini au kwapani, chuchu imeingia ndani ilhali haikuwa hivyo, inatoa majimaji yenye damu, au ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, usilipie kipimo hiki. Nenda hospitali moja kwa moja. Unguja ni Mnazi Mmoja. Pemba anza Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee kule Mkoani. Na usijipe moyo kwa kuwa hakuumi. Saratani nyingi za titi huanza bila ya maumivu, ndiyo maana watu hukaa nazo miezi wakipaka dawa ya jipu. Picha yetu hata ikitoka safi haiondoi haja ya kuchukuliwa kinyama na kupimwa maabara.

Kipimo chetu ni cha mwanamke asiye na dalili anayetaka taarifa ya ziada, au aliyekwishafanya altrasaundi au mamogramu (picha ya eksirei ya titi) na daktari wake akataka kuangalia zaidi. Neno la ziada tunalisisitiza kwa makusudi. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya aina hii, T-Scan 2000, itumike pamoja na mamogramu, si mahali pake. Anayekwambia kuwa umeme umeimaliza kazi ya mamogramu anakuuzia maneno. Faida yake ipo, lakini ni hii tu: hakuna mionzi, titi halibanwi, na kipimo kinaweza kurudiwa bila ya madhara.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Mafuta ya titi hupitisha umeme kwa taabu. Tishu ya saratani kwa kawaida huupitisha kwa wepesi zaidi, maana ina maji na chumvi nyingi na mishipa midogo ya damu imeongezeka. Jambo hili si la juzi: watafiti Fricke na Morse walichapisha mwaka 1926 kwamba uvimbe wa saratani ya titi una kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) kubwa kuliko uvimbe usio wa saratani. Kilichokuja baadaye ni kompyuta ya kugeuza namba hizo kuwa picha.

Sahani inayowekwa kifuani ina elektrodi 256 (vituo vidogo vya kupitishia umeme) zilizopangwa kwa safu, na elektrodi nyengine hufungwa kwenye kifundo cha mkono. Mkondo ni kama nusu miliampia, kwa masafa ya kilohezi 50. Kwa kasi hiyo mishipa ya fahamu haishtuki, kwa hiyo husikii kitu. Umeme huingizwa kwa elektrodi moja baada ya nyengine huku volteji ikipimwa kwenye zilizobaki, kisha kompyuta huchora tabaka kwa tabaka, kuanzia chini kidogo ya ngozi hadi kina cha sentimita 4 na kitu. Kila ikienda ndani picha hufifia. Mionzi ya mamogramu hupita moja kwa moja, lakini umeme hutawanyika na kufuata njia iliyo nyepesi, na kompyuta inabidi ikisie umepita wapi. Uvimbe wa chini ya sentimita moja uliojificha ndani unaweza kupotea kabisa.

Sasa ngozi, maana hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika. Bibi harusi aliyekuwa akisuguliwa singo na kupakwa liwa asije wiki hiyo. Mafuta ya nazi, mafuta ya karafuu, losheni, poda: vyote huweka utando kati ya ngozi na elektrodi, na mashine husoma utando huo badala ya titi. Oga kwa sabuni ya kawaida asubuhi ya kipimo, usipake kitu chochote kuanzia shingoni hadi tumboni, na vua mkufu na bangili. Joto letu nalo lina shida yake. Jasho ni maji ya chumvi. Likitanda kwenye ngozi umeme hupita juu juu kutoka elektrodi hadi elektrodi bila ya kuingia ndani. Ndiyo maana tunakukalisha kwanza penye feni, tunakufuta ukauke, halafu tunalowesha ngozi upya kwa kitambaa chenye maji, kiasi kile kile pande zote mbili.

Kwa anayepata hedhi, siku nzuri ni kati ya 5 na 10 tangu damu ilipoanza. Kabla ya hedhi titi hujaa maji na picha nzima hung'aa. Anayenyonyesha hatumpimi kwa njia hii, maana maziwa yenyewe hupitisha umeme. Altrasaundi inamfaa zaidi. Hatumpimi mjamzito, mwenye kidonda kifuani, wala mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo.

Mpimaji ni mwanamke na mlango hufungwa kwa ndani. Unalala chali, sahani inakandamizwa kidogo hadi elektrodi zote ziguse. Zisizogusa huonekana kama madoa kwenye skrini, na hapo tunarudia. Hatuyasomi madoa hayo hata kidogo. Kompyuta huendeshwa kwa betri, chaja imechomolewa ukutani, kwa usalama wako na kwa sababu umeme wa ukutani huingiza kelele kwenye vipimo.

Kwenye skrini yetu panapopitisha umeme zaidi huwa peupe. Weupe kwenye chuchu ni kawaida, wote wanao. Mwenye matiti madogo, tabaka za chini huonesha msuli wa kifua, nao pia ni mweupe. Weupe mahali pengine huweza kuwa kifuko cha maji, uvimbe usio na madhara, jeraha la juzi au saratani, na mashine peke yake haijui kipi ni kipi. Tunalinganisha titi na titi, halafu tunaandika barua yenye mahali penyewe kwa namba za uso wa saa (kwa mfano titi la kulia, penye namba 2), kina chake na siku ya hedhi uliyopimwa. Barua hiyo peleka altrasaundi kwanza. Ikionesha kitu kigumu, hatua ya pili ni kinyama, na majibu ya maabara ndiyo yatakayoamua kama kuna safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Ukija, chukua filamu na ripoti zako za zamani, hata zile zilizosema huna kitu.