Mheshimiwa Katibu, anzeni na daftari la vizazi

Kwa Katibu wa Idara ya Uhamiaji na Huduma za Raia, Nairobi

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Bajeti ya idara yako inapopangwa, kadi mpya na mitambo mipya hazikosi msemaji. Sisi tunaowasaidia wakazi wa Likoni, Kisauni na Mji wa Kale kujaza fomu tunaomba shilingi ya kwanza iende kwa naibu wa chifu na daftari lake la vizazi. Kijana anayehangaikia kitambulisho akiwa na miaka 18, mara nyingi shida yake ilianza wiki aliyozaliwa.

Tazama jina tu. Wengi wetu Pwani huandika jina la mtoto, la baba, kisha la babu. Fomu ikidai jina la ukoo, karani mmoja hutia la babu, mwengine hutia la kabila. Hospitali imeandika Fatuma Athman Shee, shule ikaandika Fatma Othman Shehe, na kitambulisho cha baba kinasema Athumani. Kwa kompyuta hao ni watu mbalimbali. Mama hutumwa kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, alipe, kisha arudi mwisho wa foleni. Dawa ni dakika 2 za mwanzo: karani anakili herufi kutoka kitambulisho cha mzazi, alisome jina kwa sauti, na mzazi atie sahihi kwenye rasimu kabla cheti hakijachapishwa.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu. Miezi 6 ikipita, uandikishaji huhesabiwa umechelewa na vielelezo huongezeka: kadi ya kliniki, barua ya shule, vitambulisho vya wazazi. Baba mvuvi akiwa dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, miezi 6 si mingi. Lakini mtoto huyohuyo hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mara tatu mama amefika mbele ya mfanyakazi wa serikali na mtoto mgongoni, ndani ya muda wa kisheria! Daftari likae kliniki siku ya chanjo, na naibu wa chifu awepo.

Kifungu cha 14 cha Katiba hakimtaki mtoto awe na wazazi wawili raia. Mmoja anatosha, hata kama mtoto amezaliwa nje ya nchi. Bado akina mama hurudishwa nyumbani wakalete kitambulisho cha baba. Waraka mmoja kutoka kwako, ukibandikwa kila dirishani, utalimaliza jambo hili.

Wamakonde, jamii iliyoishi Kenya bila uraia, walilazimika kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Wapemba wakafuata Julai 2023, kule Kilifi. Tunafurahi nao kwa dhati. Ila sheria ya uraia ya 2011 iliwapa wasio na uraia wowote miaka 5 ya kuomba, na Waziri uwezo wa kuongeza 3. Hiyo 8 imekwisha. Tunaomba mpeleke Bungeni marekebisho yenye mlango usiofungwa, ili jamii isingoje tangazo la Rais. Na kila mzazi anapokabidhiwa kitambulisho, karani wa vizazi awe meza ya pili, awaandikishe watoto wake siku iyo hiyo.

Kuhusu kupigwa msasa: Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitangaza kuondoa ukaguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Pwani tunataka orodha moja ya vielelezo, kwa wote. Mbajuni, Mwarabu au Mhindi wa Mombasa asiulizwe karatasi za babu ambazo jirani yake haulizwi. Lafudhi nayo si ushahidi. Karani asiyeizoea sauti ya Pemba huona mgeni pale alipo raia. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kama kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka.

Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba. Basi fomu ya kizazi na ya kitambulisho ziwe na Kiswahili juu ya kila kisanduku. Kikiwa ukurasani nyuma, hakuna anayegeuza akiwa foleni.

La mwisho ni simu. Asiye na kitambulisho hana laini yake, kwa hivyo mwenye saiba, duka la intaneti, huandika nambari yake mwenyewe, na ujumbe wa kadi kuwa tayari humfikia yeye. Wekeni nafasi ya nambari ya mzazi au ya naibu wa chifu.

Jibu lako tunaomba libandikwe kwenye Huduma Centre, Barabara ya Digo, kwa Kiswahili: karatasi gani zinahitajika, ada ni ngapi, siku ngapi za kungoja.

Sisi wasaidizi wa kujaza fomu,
Mombasa