Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam: mwiteni msanii kabla hamjachimba

Mstahiki Meya,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi terazo, ile sakafu ya saruji na chipsi za mawe inayosagwa. Nimesaga sakafu za mji huu zaidi ya miaka 30, na nisije nikaambiwa najipigia debe: magoti yangu yamechoka na tenda sitaomba. Ninachotaka kukueleza kinahusu watoto, maji na sanaa: mahali pa watoto kuchezea maji pale Mnazi Mmoja.

Februari bomba lilipasuka mtaani kwetu. Kabla fundi bomba hajafika, watoto kumi na kitu walishavua mashati. Binti mmoja, wa miaka minane hivi, aliweka kisigino juu ya ufa, maji yakachanua kama upepeo, akawa anawalenga kaka zake mmoja mmoja. Akikandamiza, yanaruka hadi ukuta wa duka. Akilegeza, yanalala. Nilisimama nusu saa nikimtazama, na kazini nilikuwa nimeshachelewa. Tatizo ni kwamba hatua tatu tu kutoka pale ulipita mtaro wa maji machafu.

Naomba Viwanja vya Mnazi Mmoja vipate mahali pa watoto kuchezea maji. Sisemi bwawa. Nasema sakafu tambarare yenye matundu yanayorusha maji, ambayo yakianguka yanaingia mferejini papo hapo, pasiwe na kina cha kumzamisha mtoto. Tena isiwe kitu cha kuchagua kwenye katalogi, uyoga wa plastiki na tembo wa fiberglasi anayepauka kabla ya masika ya pili. Mpeni msanii kazi hiyo, na mumwite siku ileile mnayomwita mhandisi.

Desturi yetu ni kumwita msanii mwisho, zege likishakauka, aambiwe "tupambie hapa". Kwa ukuta wa ofisi, sawa. Kwenye mchezo wa maji haiwezekani, maana maji yenyewe ndiyo sanaa, na njia zake zimeshazikwa chini ya sakafu. Pale Chicago, kwenye bustani ya Millennium Park, Mhispania Jaume Plensa alijenga minara miwili ya vioo yenye kimo cha mita 15 hivi, ikafunguliwa mwaka 2004. Minara hiyo huonyesha nyuso za wakazi wa mji wapatao 1,000, zikipokezana. Kila uso ukikaribia kuondoka hubana midomo, na maji yakachomoka mdomoni. Watoto hujipanga chini wakisubiri, maana wanajua yanakuja. Bomba la mdomo ule haliwezi kuchomekwa baadaye kama soketi ya taa.

Mwaka huohuo, Julai, London nao walifungua chemchemi ya kumbukumbu ya Binti Mfalme Diana ndani ya bustani ya Hyde Park, mkondo wa mviringo wa mawe ya matale. Mwezi haukuisha, ikafungwa: watu walikuwa wakiteleza na kuumia. Ilipofunguliwa tena, ilikuwa na walinzi, na wageni wakaambiwa waloweke miguu tu, wasitembee ndani. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, maana kila fundi wa sakafu anajua jiwe laini likilowa linageuka sabuni. Terazo ya mahali penye maji unaisaga chipsi za mawe zitokeze, halafu unaishia kwenye jiwe la kukwaruza. Polishi hupigi. Mteja atalalamika kwamba haing'ai. Mwache alalamike.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji msanii ila lisiposemwa litatuua. Maji haya huzungushwa: yanaingia tangi la chini, yanachujwa, yanatiwa klorini, yanarudi. Mwaka 2005, kwenye bustani ya Seneca Lake jimboni New York, watu wapatao 4,000 waliugua kuhara kwa sababu ya kijidudu cha kriptosporidi, ambacho klorini peke yake haikitishi. Baada ya hapo jimbo likataka maji ya viwanja vya namna hiyo yapitishwe pia kwenye taa za miale ya urujuanimno (UV) ya kuua vijidudu. Sisi wa mji huu kipindupindu tunakijua kwa jina la baba na la ukoo. Kwa hiyo taa hizo, na mshahara wa mtu wa kuangalia pampu kila asubuhi, viandikwe kwenye bajeti kabla ya utepe wa uzinduzi.

Nirudi kwenye sanaa. Wajerumani waliweka mjini hapa sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 ikaja sanamu ya Askari, ya shaba, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, singe ikielekezwa bandarini. Naipenda, usinielewe vibaya. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuigusa. Na Mnazi Mmoja penyewe paliachwa wazi zama za ukoloni ili kuitenga Uhindini na Kariakoo. Ningefurahi kuona watoto wa pande zote mbili wakilowana hapo.

Wachongaji tunao, pale Mwenge. Ile mitindo ya Kimakonde ya ujamaa, watu wamebebana juu kwa juu, iwazie ikiwa na ndoo vichwani na maji yakifurika kutoka ndoo hadi ndoo. Mpingo hautahimili jua na maji, utapasuka. Basi mchongaji achonge mfano, sisi mafundi tuumwage kwa zege na terazo. Tenda za serikali zinapita NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, nafahamu, na mzee mwenye tezo na patasi hatajua aanzie wapi humo. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi hayo kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ofisi yako iwatume watu Mwenge wakawasaidie kujisajili kama kikundi, kabla tangazo halijatoka.

Nimemwaga kipande cha majaribio nyuma ya nyumba, mita mbili kwa mbili, na katikati nimeacha tundu lenye ukubwa wa kisigino cha mtoto. Wajukuu wamekimbia juu yake wiki tatu, mara mbili wakiwa na povu la sabuni, na hajaanguka mtu. Mtume mhandisi wako aje akijaribu. Avue viatu.

Fundi terazo,
Temeke