Barua kwa washairi vijana: mlango huo nani kawapa mlinde?

Wanangu washairi,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, ila leo sina salamu ndefu maana hasira ya ule usiku wa mashairi haijanitoka. Binti wa watu katoka Shinyanga, kapanda jukwaani, beti safi kabisa, vina vimekaa, mizani nane kwa nane haijapinda, "rafiki" ikamtoka "lafiki", basi ukumbi mzima kicheko, na mmoja wenu anayejiita malenga wa taifa (nani kakutawaza mwanangu?) akashika maiki akasema ushairi una wenyewe, wa bara wakasikilize kwanza. Binti kashuka hajamaliza. Na nyie mkapiga makofi!

Haya. Mi mtu wa Tanga, hao "wenyewe" mnaowasema ni jamaa zangu, kwa hiyo nisikilizeni. Shaaban Robert mnayembandika kwenye mabango yenu kazaliwa 1909 Vibambani, huku huku kwetu, lakini asili ya wazee wake ni Uyaoni, na jina la pili ni Robert. Kwa kipimo chenu angeshushwa kabla hajafungua mdomo. Karani wa forodha wa serikali ya mkoloni, Mwingereza kampa na nishani ya MBE, na karani huyo huyo ndo kaandika Kusadikika, nchi ya hewani ambako mjumbe akitumwa nje akarudi na jambo jema la kuwafaa wenzake anatiwa gerezani. Kafa Juni 1962. Uhuru wa Tanganyika una miezi sita tu, Tanzania haipo, Muungano ni 1964. Sasa niambieni alivyokuwa hai alikuwa mshairi wa taifa lipi? Taifa limekuja kumchukua akiwa kaburini.

Mathias Mnyampala je? Mgogo wa Dodoma, Mkristo, wa 1917, lugha ya nyumbani Kigogo. Huyo ndo akaja kuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama chenyewe cha washairi, na ngonjera kwa sehemu kubwa ni mkono wake. Na hapa nchi nayo naisema: ngonjera tumewaachia watoto wa shule wasimame juani wakimsubiri mgeni rasmi, ukisifia mradi wa maji we ni malenga wa taifa, ukiuliza mbona bomba halitoi maji umekuwa mchochezi.

Euphrase Kezilahabi je? Mkerewe, mtu wa kisiwani Ziwa Victoria. Alivyotoa diwani yake ya Kichomi 1974 bila vina wala mizani, wazee wakapiga kelele kwamba huo si ushairi, leo vyuoni wanamsomesha. Na hizo kanuni zenyewe mnazotishia nazo watu, aliyeziweka kitabuni mwaka 1954 ni Sheikh Amri Abedi, mtu wa Ujiji! Kigoma huko, ziwani, sio Lamu ya pwani kwenye ushairi wa kale.

Mnataka mpwani asiye na doa? Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Serikali ya Kenyatta ikamfunga 1969 mpaka 1972 kwa kuuliza kwenye waraka wake, Kenya: Twendapi?, akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka kwa jina Sauti ya Dhiki, na 1974 akapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Jina la aliyemfunga! Upwani wake haukumfungulia mlango wa jela hata siku moja.

Najua wanangu, jukwaa ni moja, bahasha ni nyembamba, na kila anayekuja mgeni mnaona kaja kula sahani yenu. Nawaelewa, njaa ya msanii naijua. Lakini kumcheka mtu ulimi hakujamshibisha yeyote.

Mengine kwa haraka. Someni Muyaka, malenga wa kale wa Mombasa, wengi wenu mnamtaja tu. Acheni kujipa vyeo kwenye mabango. Binti mtafuteni, muombeni radhi, na mumpe usiku mzima wa kwake, nauli ya Shinyanga kwenda na kurudi mchangeni nyie mliocheka. Na mkiitwa kughani kwenye sherehe za serikali, hela mdai kabla ya kupanda jukwaani, mgeni rasmi akishaondoka hamtamwona mtu wa kuwalipa.