Risala ya Vijana Wavuvi kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na Serikali, wazee wetu wa diko la samaki, mabibi na mabwana: assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa, leo hatukuombi mashine wala nyavu. Tumekuja na suala la unga wa kulevya.

Heroini inayovuka Bahari ya Hindi hupakiwa pwani ya Makran, huko Iran na Pakistani, katika majahazi ya injini, na safari nyingi hungoja upepo wa kusi utulie. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi moja mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032. Mzigo uliteketezwa, mabaharia wakaachiwa. Haukuwa uzembe. Sheria ya bahari inairuhusu manowari ya taifa lolote kumkamata haramia na kumshitaki. Kwa dawa za kulevya ruhusa hiyo haipo. Ndiyo maana maharamia wa Kisomali walihukumiwa Mombasa na Shelisheli, ilhali wabeba unga hurudi kwa matajiri wao.

Kwa hiyo vita hivi huamuliwa ndani ya maji yetu. Jahazi halitii nanga bandarini. Husimama mbali, taa zimezimwa, na boti za faiba hulifuata usiku. Wa kwanza kuziona ni sisi tunaovua dagaa kwa karabai. Mwenzetu mmoja alitoa taarifa. Kabla ya jua kuchwa jina lake lilikuwa likitajwa dikoni. Tangu hapo watu huona wakanyamaza, na hatuwezi kuwalaumu.

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Tunaipongeza kwa dhati. Lakini Iringa haina bahari, Mheshimiwa. Mzigo ukifika huko, wengi wameshaupisha.

Tunaomba taarifa zetu zifike moja kwa moja kwa wanamaji wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), bila jina la mtoaji kuandikwa popote. Tunaomba doria iongezwe msimu wa kaskazi, kusi ikishatulia, na ipangwe pamoja na Kenya na Msumbiji, maana boti huvuka mpaka usiku mmoja, doria ikaishia mpakani. Na tunaomba kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, isogezwe karibu nasi. Kijana teja ndiye anayekodiwa kuupokea mzigo kwa kete mbili.

Tunaomba kuwasilisha.